Ndoo ya sekunde tisa: jedwali la Excel na lita zilizopotea juu ya Moshi

Mradi wenyewe wa maji ya kijiji, juu ya mji wa Moshi, hauna makuu. Chemchemi iko juu, karibu na mpaka wa msitu. Tenki liko chini, kwenye kilima cha shule. Kati yao kuna mita 2,400 za bomba jeusi la plastiki lenye mistari ya bluu, la milimita 63. Maji yanashuka yenyewe. Hakuna pampu, hakuna Luku ya kukatika usiku. Kutoka sanduku la chanzo hadi mdomo wa bomba kwenye tenki kimo kinashuka mita 40. Hesabu za usanifu, zilizofanywa kwenye Excel, zilisema tenki litapokea lita 3 kwa sekunde, na kamati ya maji ikapanga kila kitu juu ya namba hiyo: vituo vya kuchotea, bei ya ndoo, mshahara wa mlinzi, hata mkopo mdogo wa kununulia dira za maji. Tangu koki ifunguliwe, lita 3 hazijaonekana hata siku moja.

Majina ya kijiji, ya ofisi iliyosanifu na ya wahusika nayaacha. Watu bado wanaonana sokoni na kanisani, na faili lililoleta kizaazaa hiki limepita mikono mingi mno kumbebesha mtu mmoja. Nilichoombwa na mwenyekiti kilikuwa kifupi: "Mwalimu, wewe unafundisha vijana hizi hesabu za kompyuta. Hebu njoo utuangalizie, maana tunakaribia kushikana mashati."

Kelele hazikuanzia kwenye maji, zilianzia kwenye pesa. Lita 3 kwa sekunde ni lita 259,200 kwa siku. Kitabu hicho hicho cha Excel kilikuwa na karatasi ya pili, ya mapato, iliyochukua namba hiyo moja kwa moja kutoka karatasi ya bomba: asilimia 60 ya maji yatauzwa, ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50. Hiyo inatoa ndoo 7,776 na shilingi 388,800 kwa siku. Mama mtunza hazina alikuwa anapeleka benki kitu kinachozunguka 280,000. Pengo la shilingi laki moja kila siku, kwa mwezi zaidi ya milioni tatu. Kwenye mkutano mzee mmoja alisimama akasema kwa upole ule unaouma kuliko tusi: "Mama, hatusemi umekula. Tunauliza tu ziko wapi." Naye akajibu, "Baba, mimi nauza maji yanayofika. Hayo ya kwenye karatasi sijawahi kuyaona."

Mshukiwa wa pili walikuwa watu wa juu. Mlimani kwetu maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi, yana historia ndefu, na kila kiangazi kikikaza lawama hupanda mlima: wamechepusha, wamefungulia migomba na kahawa. Safari hii kulikuwa na kile walichokiita ushahidi. Kijana mmoja alipiga picha sanduku la chanzo, akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Maji yanafurika juu ya ukuta wa sanduku na kurudi mtoni. Maneno chini ya picha: "Maji yapo tele, yanaliwa njiani."

Picha ile ilikuwa muhimu kweli, ila ilisomwa kinyume. Chanzo kikifurika maana yake kinatoa kuliko bomba linavyomeza. Mtu anayetoboa bomba katikati na kuchota hapunguzi unywaji wa bomba kule juu. Akifanya chochote, atauongeza kidogo, kwa kuwa kipande kilicho juu yake kimepata njia fupi zaidi ya kutokea. Kwa hiyo mafuriko pale sandukuni yanauliza swali moja tu: kwa nini bomba hili halimezi zaidi?

Kabla ya kugusa kompyuta tulipima. Ndoo ya lita 20 tuliihakiki kwanza kwa kuijaza kwa chupa za lita moja, maana ndoo za dukani zina lita zake zenyewe, tukaichora mstari kwa kalamu ya rangi. Fundi akaishika chini ya mdomo wa bomba juu ya tenki, mwingine ana saa ya simu. Sekunde 9 na nukta kidogo, kila mara. Hiyo ni lita 2.2 kwa sekunde. Kama zingekuwa lita 3, ndoo ingejaa chini ya sekunde 7, na mtu yeyote aliyewahi kuchota pale angeweza kulisema hilo mwaka mzima uliopita bila mhandisi. Tofauti ni lita 69,120 kwa siku. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, ni maji ya watu zaidi ya 2,700.

Halafu tukafunga koki ya mwisho, polepole, kwa sababu fundi aliyewahi kuona bomba likipasuka kwa kufungwa ghafla hana haraka tena. Upande wa juu wa koki tulikuwa tumefunga geji ya kupima presha ya maji. Maji yakisimama, msuguano haupo, na geji inasoma kimo kitupu; yakitembea, msuguano unakula sehemu ya kimo hicho. Mshale ulipanda ukatulia kwenye baa 3.9. Baa moja ya presha ni sawa na kimo cha mita 10.2 za maji, kwa hiyo tuna mita 40 kasoro kidogo. Hapo hoja mbili zilikufa kwa mpigo. Ya kwanza ni kwamba tofauti ya kimo ilipimwa kwa simu na huenda ni uongo. Si uongo. Ya pili ni wizi. Kama lita 0.8 kwa sekunde zingekuwa zinachotwa katikati ya njia wakati koki yetu imefungwa, kipande cha juu kingekuwa kinapitisha maji na kula karibu mita 2.9 za kimo, na mshale ungeshuka kwa karibu baa 0.3. Tulirudia alfajiri, saa ambayo mtu mwenye migomba ya kumwagilia angekuwa kazini. Baa 3.9.

Niwe mkweli kuhusu mipaka ya jaribio hili. Mwizi wa lita 0.3 angeshusha mshale nusu mita tu ya kimo, na geji yetu isingemtambua. Aliyejiunga karibu kabisa na chanzo naye asingeonekana vizuri. Lakini sehemu ile bomba linapita kando ya njia, fundi aliitembea kwa miguu, na tulikuwa tunatafuta lita 0.8, si debe moja la mtu mwenye kiu. Hewa iliyokwama nayo tuliiwaza. Valvu ya hewa kwenye nundu pekee ya njia ilifunguliwa ikatema maji tu.

Ndipo nikaomba faili.

Seli yenyewe ilikuwa hivi:

=10.67*C7*(B7/1000)^1.852/(150^1.852*(D7/1000)^4.87)

Hii ni fomula ya Hazen na Williams, ya mwanzoni mwa karne ya 20, inayotumiwa na karibu kila mtu anayelaza mabomba ya maji. C7 ni urefu, B7 ni lita kwa sekunde, D7 ni kipenyo kwa milimita, na 150 ni namba ya ulaini wa plastiki. Jibu ni mita za kimo zinazoliwa na msuguano. Kwa urefu 2,400, lita 3 na kipenyo 63, inatoa mita 35.7. Tunazo 40, zinabaki 4 na ziada, seli ya pembeni ikageuka kijani na kuandika SAWA. Hesabu haina kosa. Nimeirudia kwa karatasi, nimeirudia kwa programu nyingine, ni 35.7.

Kosa liko kwenye kichwa cha safu D, kilichosomeka "Kipenyo (mm)". Kipenyo kipi?

Tulikwenda kwenye kipande cha bomba kilichobaki nyuma ya stoo. Plastiki hizi zimeandikwa ubavuni, na mwandishi ni kiwanda: PE100 SDR17 PN10 63x3.8. Namba za mwisho ndizo zetu: milimita 63 ni kipenyo cha nje, na ukuta una unene wa milimita 3.8. Ukuta uko pande zote mbili, kwa hiyo maji yanapita kwenye tundu la 63 toa 7.6, milimita 55.4. Rula ya chuma ikathibitisha. Mabomba ya plastiki ya aina hii huitwa kwa kipenyo cha nje, na fomula haijali nje. Maji hayapiti kwenye plastiki.

Tofauti ya 63 na 55.4 ni asilimia 12 tu, na ndiyo maana jicho halishtuki. Lakini kipenyo kwenye fomula kimepandishwa kwenye kipeo cha 4.87. Gawanya 63 kwa 55.4, pandisha, unapata 1.87. Msuguano wa kweli ni karibu mara mbili ya ulioandikwa: mita 66.8 badala ya 35.7. Na kimo chetu ni 40. Bomba lile haliwezi kupitisha lita 3 hata likisimamiwa na polisi.

Sasa, jambo lililonivutia zaidi ni asili ya faili. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa, na ukiifunua unakuta mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Bomba la chuma huitwa kwa ukubwa unaokaribia tundu. Lile la inchi mbili linaandikwa 50, na ndani lina kama milimita 53. Aliyetengeneza jedwali enzi hizo alikuwa sahihi, tena upande wa usalama: akiingiza 50 mahali pa 53, msuguano unakuzwa kwa theluthi moja hivi, na tenki linapata maji mengi kuliko ilivyoahidiwa. Hakuna kamati inayoandamana kwa sababu maji yamezidi. Kisha plastiki ikaja, nyepesi, haishiki kutu, inabebwa begani hadi juu mlimani. Mtu fulani akafungua faili, akabadilisha ulaini kutoka 120 ya chuma kwenda 150 ya plastiki, jambo ambalo ni sahihi. Safu D akaiacha. Jedwali lililokuwa linakosea kwa faida ya mchotaji likaanza kukosea kwa hasara yake, na rangi ya seli ikabaki kijani ile ile.

Ile 150 ilikuwa imepachikwa katikati ya fomula, si kwenye seli yake. Ukitazama karatasi huioni, unaona 35.7 tu. Kasoro hiyo ya lahajedwali ni ya tangu VisiCalc, lahajedwali ya mwanzo ya 1979: jibu liko mbele, mawazo yako nyuma. Kwa mhasibu anayejumlisha risiti si tatizo kubwa. Kwa mhandisi ni hatari, kwa kuwa nusu ya uhandisi ni hayo mawazo ya nyuma.

Kijana wa kamati aliyemaliza chuo juzi alikuwa na jibu tayari: "Tungekuwa na programu ya maana, siyo hii Excel, haya yote yasingetokea." Nilimheshimu kwa kusema wazi, kisha tukajaribu. Ni swali zuri na majibu yake si yale anayoyatarajia muuzaji wa programu.

Chukua Mathcad, programu ya hesabu za uhandisi iliyotolewa na kampuni ya Mathsoft mwaka 1986 na sasa iko chini ya kampuni ya PTC. Sifa yake ni kwamba fomula inaonekana kama inavyoandikwa kwa mkono, mstari wa kugawanya na vipeo juu, na kila namba inabeba kizio chake: 63 mm ni 63 mm, si 63 tupu. Ukijumlisha mita na sekunde inakataa. Kinga hiyo si ndogo. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Lakini kwetu? Kipenyo cha nje ni milimita. Kipenyo cha ndani ni milimita. Programu inayolinda vizio ingepokea 63 mm kwa mikono miwili.

Na kuna ubaya zaidi. Fomula ya Hazen na Williams haina vizio vinavyokubaliana, kwa kuwa imetokana na vipimo na si sheria za fizikia. Lita kwa sekunde zikipandishwa kwenye 1.852 zinazaa kizio kisicho na jina, na programu inalalamika. Wahandisi wengi wanafanya nini? Wanavua vizio kwa kugawanya, wanaingiza namba tupu, kisha wanavirudisha mwishoni. Kinga inavuliwa pale pale ilipohitajika.

EPANET, programu ya bure ya shirika la mazingira la Marekani, imesanifu mitandao ya maji dunia nzima tangu 1993. Inauliza kipenyo. Unaiandikia 63, inakushukuru na kukuchorea ramani nzuri ya presha isiyo ya kweli. MATLAB, programu ya hesabu iliyoanza na Cleve Moler na wenzake, Octave ya bure inayofuata lugha ile ile, lugha ya Python, zote hazijui bomba lako limeandikwa nini ubavuni. Namba isiyotaja ni ya nini haina programu inayoikamata.

Kwa hiyo kijana alikosea? Nusu. Programu za hesabu za kiufundi zilitusaidia mahali pengine, na hapo Excel ilikuwa inatukwamisha: swali la kurudi nyuma. Jedwali linajibu, "nikipitisha lita 3, msuguano ni kiasi gani?" Mlimani swali ni kinyume, "nina mita 40, nitapata lita ngapi?" Kimo ndicho Mungu alichotoa, lita ndizo hazijulikani. Excel inaweza kulijibu kwa kutafuta lengo (Goal Seek), ila ni kwa kubonyeza, na ukibadilisha kitu jibu la zamani linabaki pale limekaa kama vile bado ni la kweli. Kwenye Octave tuliandika mistari miwili:

h = @(q,d,c,L) 10.67*L*(q/1000)^1.852/(c^1.852*d^4.87);
fzero(@(q) h(q,0.0554,150,2400)-40, [0.1 10])

Jibu: 2.27. Weka 0.063 badala ya 0.0554, jibu linakuwa 3.19. Kijana aliutazama mstari ule kwa muda, akasema, "Kumbe ungeandikwa hivi mtu angeuliza 0.063 imetoka wapi." Ndiyo. Hapo ndipo faida ilipo. Skripti ya mistari miwili inasomwa yote kwa pamoja. Jedwali la karatasi sita halisomwi na mtu, linapitishwa tu.

Bado 2.27 si 2.2. Tofauti ni ndogo na ningeweza kuiachia viungio na kona, lakini kwa kuwa programu ilikuwa wazi tulijaribu njia ndefu. Fomula ya Darcy na Weisbach ina vizio vinavyokubaliana, inaheshimu joto la maji, na inataka kigezo cha msuguano ambacho chenyewe kinategemea kasi unayoitafuta. Mlinganyo wa Colebrook wa 1939, unaotoa kigezo hicho, haufunguki kwa mkono, lazima ukisie na kurudia. Zamani ndiyo sababu watu walikimbilia Hazen na Williams. Kwa kompyuta kurudia ni kazi ya kupepesa jicho. Tuliweka maji ya nyuzi 15, kwa sababu maji ya msituni ni ya baridi na maji baridi ni mazito kidogo kutiririka, na ukwaruzo wa plastiki milimita 0.007. Jibu likatoka 2.2. Ndoo ya fundi na mlinganyo wa mwaka 1939 vilikubaliana mbele ya kamati nzima, na sidhani kuna hotuba ingefanya kazi hiyo.

Si kila kazi inahitaji Darcy. Kwa bomba kubwa la mjini tofauti ya fomula hizi mbili inaweza kumezwa na mambo mengine. Kwa bomba jembamba la plastiki lenye maji baridi na kimo kilichotumika karibu chote, asilimia tatu au nne ni pesa, kama tulivyokuja kuona kwenye dawa.

Dawa zilikuwa tatu. Kung'oa sehemu ya bomba na kuweka la milimita 90, lenye tundu la 79.2. Au la 75, lenye tundu la 66. Au kuliacha lililopo na kulaza la pili la 63 sambamba nalo kwa sehemu ya njia, maji yagawane. Tulitaka lita 3, tukabakiza mita 2 za kimo kwa koki na kona, yaani msuguano usizidi 38. Kwa Hazen na Williams, la 90 lingehitajika kwa karibu mita 1,260. La 75 kwa karibu 1,800, ambayo ni robo tatu ya njia na haina maana. La sambamba kwa karibu 1,430. Kwa Darcy la sambamba likaruka hadi karibu 1,540. Zaidi ya mita 100 za bomba kwa kubadilisha fomula tu, katika mradi ambao tayari umekopa.

Mimi nilipendelea la sambamba kwa urefu wa Darcy. Ni refu kuliko la 90, lakini 63 linabebwa na watu wawili kwenye njia ya mteremko wenye matope, viungio vyake vipo Moshi mjini, na kijiji hakikai bila maji wakati wa kazi. Mwenyekiti alitaka lile la 90 kwa hoja kwamba bomba moja ni rahisi kulinda kuliko mawili. Ni hoja ya mtu anayeishi pale, na sikubishana nayo kwa kompyuta. Wamechukua bei za yote mawili.

Excel yenyewe haikufukuzwa. Mtunza hazina anaifahamu, fundi anaifungua kwenye simu, na hakuna atakayefungua Octave nikishaondoka. Kupendekeza vinginevyo kungekuwa kujifurahisha. Safu D imegawanywa tatu: kipenyo cha nje, unene wa ukuta, na kipenyo cha ndani ambacho hakiandikwi bali kinapatikana kwa kutoa. Huwezi kufika kwenye fomula bila kusoma maandishi ya ubavuni. Ile 150 imepewa seli yake na jina. Karatasi ya mapato haichukui tena lita kutoka karatasi ya usanifu. Inachukua kutoka seli inayoitwa "lita zilizopimwa kwa ndoo", yenye tarehe na jina la aliyepima.

Kwa lita 2.2, karatasi hiyo inasema shilingi 285,120 kwa siku. Mama alifungua daftari lake la benki, akasoma siku baada ya siku kwa sauti, bila haraka, mpaka mzee wa swali lile akasema inatosha. "Haitoshi, baba," alimjibu. "Iandikwe kwenye muhtasari, kama ile ya kwanza ilivyoandikwa." Ikaandikwa.

Kilichobaki ni faili la zamani. Lilifika kijijini kwa WhatsApp na kwa njia hiyo hiyo liko sehemu nyingine. Nimeonyeshwa nakala mbili zake kutoka miradi ya jirani. Moja ni ya mabomba ya chuma na ina 120, haina shida. Ya pili ina 150, na kwenye safu D kuna 90, 75 na 63 zikifuatana, koki bado hazijafunguliwa.